Kibao Kisichotaka Kuguswa

Baridi alikuwa na mdomo, na mdomo wake ndio uliomlisha. Jina hilo alipewa na wenzake wa mtaa wa maduka ya kompyuta, kwa sababu kila aliyepita mbele ya duka lake aliitwa kwa maneno yaleyale: "Baridi, baridi, njoo uipe mashine yako baridi." Aliuza chaja, mausi, kibodi na makorokoro mengine, lakini kilichomweka mjini ni vibao vya feni, vile ambavyo mtu huiweka laptopu juu yake ili isichemke.

Dirishani aliweka kibao kimoja kilichozunguka mchana kutwa. Taa yake ya bluu iliwaka, feni zake mbili zilivuma kwa sauti ya chini, na juu yake alisimamisha kipande cha kadibodi kilichoandikwa kwa kalamu nene: KINAFANYA KAZI TANGU DUKA LIFUNGULIWE. HAKITAKI MATUNZO. Watu walisimama, wakasoma, wakatega sikio, wakatikisa vichwa. Wengi waliingia ndani.

Sentensi ya kwanza ilikuwa kweli kwa kuilazimisha, na ya pili ilikuwa uongo mtupu. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka Baridi alikipakata kile kibao, akalegeza skurubu, akaondoa wavu, akafagia vumbi kwa brashi laini ya rangi, akang'oa nyuzi na nywele zilizojisokota katikati ya feni. Feni ikianza kulalamika alibandua kile kibandiko chake cha nyuma akadondosha tone la mafuta ya cherehani. Ikigoma kabisa aliitoa akafunga nyingine, akaunga waya taratibu huku akipiga mluzi. Na kibao chenyewe kilikuwa kizuri, tusimsingizie. Mtu akikitunza vile, atakitumia mpaka akichoke. Ndiyo maana jambo hili linakera: angeweza kuuza ukweli huohuo, akatia na brashi ndani ya boksi, na bado angepata wateja. Lakini Baridi aliamini kwamba mteja akisikia neno "kusafisha" anarudisha mkono mfukoni, na imani hiyo hakuna aliyeweza kumwondolea.

Aliyeijua siri yake ni mmoja tu, mwanamke aliyeuza makava ya simu upande wa pili wa duka hilohilo, ambaye kila mtu alimwita Jirani.

"Mgonjwa wako ameamkaje leo?" Jirani alikuwa akimuuliza akimkuta na bisibisi.

"Hajambo. Kashakunywa dawa."

"Siku wateja wakimkuta wodini, mimi simo."

"Wewe uza makava yako, mama."

Wakacheka, duka likafunguliwa, kadibodi ikarudi mahali pake. Uongo wa namna hiyo ukiusema kila siku unakuwa kama salamu, huusikii tena unavyotoka.

Kati ya watu wote waliousikia, aliyestahili kuambiwa ukweli ni shangazi yake. Huyu ndiye aliyemlea Baridi toka wazazi wake walipofariki akiwa bado hajui kufunga kamba za viatu. Shangazi alikuwa mkalimani. Ujana wake wote aliumalizia kwenye vile vibanda vya kioo nyuma ya kumbi za mikutano, akiyageuza maneno ya wakubwa kabla hawajayamaliza, na alipenda kujitania kwamba amesema mengi ya maana maishani na hakuna hata moja lililokuwa lake. Mikutano ilipohamia mitandaoni, hakulia. Akaweka meza chumbani karibu na dirisha, hedifoni kichwani, laptopu mbele yake, akaanza upya kwa vibarua vya kuungaunga.

Laptopu yake haikuwa changa. Mkutano ukirefuka ilichemka mpaka huwezi kuigusa chini, kisha ikajizima. Baridi akamletea kibao kipya, zawadi, ndani ya boksi lake. Shangazi alifurahi kama aliyeletewa gari. Alikisifia kwa wenzake wa kazi, akakisifia kwa majirani, akamwelekeza dukani kila aliyelalamika kuhusu kompyuta. "Mwanangu haniuzii kitu kibovu," alikuwa akisema, ingawa hicho hakuuziwa.

Ila nyumba yake ilipakana na barabara ya vumbi, na dirisha la chumba kile halikufungwa kwa sababu ya joto. Halafu shangazi alikuwa na mazoea ya kufuma masweta wakati akisubiri mikutano ianze. Vumbi likaingia, na manyoya ya nyuzi yakalifuata. Kibao kikaanza kunguruma.

Alikuja nacho dukani kwenye mfuko wa kitambaa. Alifika wakati mbaya. Mwalimu mmoja alikuwa amesimama kaunta, anataka vibao vya chumba kizima cha kompyuta cha shule yake, na Baridi alikuwa katikati ya hotuba.

"Shikamoo shangazi, karibu."

"Marahaba baba. Sikukawizi. Hiki kitu siku hizi kinanguruma. Nikauliza, labda nikifungue nikisafishe kidogo?"

Mwalimu akageuka. Akamtazama shangazi, akautazama mfuko, akaitazama kadibodi ya dirishani. Baridi aliiona biashara ikimponyoka kama sabuni, na mdomo wake ukafanya kile ulichozoea kufanya.

Akacheka. "Shangazi, hiki hakiguswi. Ukikigusa ndiyo unakiharibu. Kinanguruma kwa sababu kinafanya kazi, kikinyamaza ndiyo uje unidai."

Watu wote wakacheka, na shangazi naye akacheka, lakini kile kicheko cha mtu aliyeona haya. Akakirudisha kibao mfukoni. "Haya, mimi mambo ya mashine siyajui," alimwambia mwalimu, kana kwamba anamwomba radhi. Akaaga. Baridi alitaka kumfuata mpaka mlangoni amnong'oneze, ni maneno mawili tu, shangazi usinisikilize, kilete nikusafishie. Akapiga hatua moja kutoka kaunta, mwalimu akamuuliza kama vibao vina rangi nyingine, naye akarudi.

Mwalimu alipoondoka na maboksi yake, Jirani hakucheka.

"Yule si mteja, Baridi. Yule mama yako."

"Ninajua. Nitampelekea brashi mwenyewe. Jumapili."

Jumapili ilipofika kulikuwa na mzigo mpya wa kupanga. Iliyofuata alilala tu, maana alichoka. Brashi aliinunua kweli, mpya, akaiweka kwenye droo ya kaunta akaiona kila alipotafuta chenji. Hakumsahau shangazi. Afadhali angemsahau, maana mtu aliyesahau ana cha kusema. Yeye alimkumbuka kila siku na kila siku akajiahidi kesho.

Kisha shangazi akapiga simu, sauti imemjaa furaha. Ofisi moja inayoandaa mikutano ilitaka mkalimani wa kudumu. Wamemwita ajaribiwe: mkutano wa kweli, wa siku nzima, yeye hukohuko nyumbani na wao wakimsikiliza.

"Wakinipenda, baba, nimeajiriwa. Ajira kabisa, katika umri huu. Naachana na vibarua."

"Watakupenda tu, shangazi. Nani atakuweza?"

"Tena nimewaambia vifaa vyangu ni vya uhakika. Nina mtu wangu wa kompyuta."

Hapo Baridi alikikumbuka kibao. Lakini shangazi alikuwa ameshahamia kwenye nguo atakayovaa, kwa kuwa kamera ingekuwepo, na alikuwa na furaha ambayo Baridi hakuisikia kwake kwa miaka. Akasema moyoni atapita kabla ya siku yenyewe. Akamwambia kila la heri.

Hakupita.

Siku ya jaribio alikaa dukani akiangalia simu. Haikulia. Kesho yake pia kimya, na shangazi si mtu wa kunyamaza na habari njema. Mchana Jirani akamwambia, bila kumtazama, kwamba duka atalilinda yeye, na funguo anazo. Baridi akachukua brashi na bisibisi, akaenda.

Alimkuta shangazi chumbani, kwenye kiti chake, anafuma. Nguo ya kamera ilikuwa bado imetundikwa nyuma ya mlango. Alimkaribisha vizuri, akamuulizia wateja, akamuulizia Jirani. Ndipo akamwambia.

Asubuhi ilikwenda vizuri sana. Alikuwa anamtafsiri mzungumzaji mgumu, mtu wa sentensi ndefu zisizo na mahali pa kupumulia, na alimpata sawasawa. Alijisikia msichana. Halafu kioo kikawa cheusi. Akawasha, ikakubali, akaomba radhi, akaendelea. Ikazima tena. Mara ya tatu ilikataa kuwaka kabisa, na alipoigusa chini iliunguza vidole.

"Na kibao kilikuwa kimewaka," alisema shangazi. "Taa yake ya bluu niliiona. Nina hedifoni masikioni, sauti sikuisikia, ila taa niliiona."

Baridi alijua. Taa ile haina habari na feni. Feni zinaweza kufa zote na taa ikaendelea kuwaka kwa furaha zake.

"Ofisini wakasemaje?"

"Walinipigia jioni, watu wastaarabu. Wakaniuliza ni mashine? Nikawaambia hapana, umeme ulikatika."

"Kwa nini, shangazi?"

Akashusha zile sindano za kufumia mapajani. "Ningesemaje? Nimewaambia vifaa vyangu vya uhakika, na yule mama wa ofisini alishaniomba namba ya duka lako, anataka vibao vya ofisi nzima. Niseme kimenizimikia? Nikuharibie jina?" Akatikisa kichwa. "Wakasema ingekuwa mashine wangeniazima ya kwao nirudie siku nyingine. Lakini umeme hawana la kufanya nao. Wameshamchukua mwingine leo asubuhi."

Baridi, mwenye mdomo uliomlisha, alikaa kwenye ncha ya kitanda kama mtoto aliyevunja chombo. Ili mikono ipate kazi, akakichukua kibao mezani, akakigeuza, akatoa bisibisi.

Wavu ulipotoka, hapakuonekana feni. Palikuwa na blanketi. Manyoya ya nyuzi za kila rangi alizowahi kufuma shangazi yalikuwa yameshikamana na vumbi, yakasokotana mpaka mapanga yakakwama, moja limesimama hivi na jingine vile. Baridi aliyang'oa kwa kidole na yakatoka bapa, mazima. Alipochomeka waya na kuisukuma feni kidogo, ilizunguka. Ilizunguka palepale, bila kinyongo. Kazi ambayo kila asubuhi aliifanya kabla chai haijapoa.

Akajisemea, sasa ndiyo wakati wa kumwambia. Akafungua mdomo. Lakini shangazi alimtangulia.

"Baba, nina jambo la kukuambia, na usinikasirikie. Limenikosesha raha toka jana."

"Lipi, shangazi?"

"Nilikigusa."

Hakuelewa.

"Kibao. Siku ya kuamkia jaribio niliona kimejaa vumbi juu, nikaona aibu, wageni wataona kwenye kamera. Nikachukua kitambaa kibichi, nikakipangusa. Kidogo tu. Na wewe ulishaniambia, mbele za watu, kwamba nikikigusa nitakiharibu. Mtu mzima nisiyesikia." Akaliinamia lile bonge la manyoya lililokuwa mkononi mwa Baridi. "Hilo vumbi nililisukuma ndani mimi, si ndiyo? Na kile kitambaa?"

Jibu lilikuwa neno moja, na lilikuwa dogo. Baridi alilihisi kwenye ulimi. Lakini nyuma yake lilivuta mengine yote: kadibodi, mafuta ya cherehani, mwalimu na maboksi yake, brashi iliyokaa kwenye droo, simu ile ya furaha. Akawaza kazi imeshakwenda, ukweli utamrudishia nini? Hayo ndiyo mawazo ya mtu anayetafuta mlango wa kutokea. Ungemrudishia usingizi wake, basi, na haukuwa mdogo. Lakini shangazi alikuwa anamtazama kwa macho yaleyale aliyomtazama nayo siku zote, ya mtu mwenye mwana mkweli, na Baridi hakuwa na moyo wa kuyaona yakibadilika.

"Pengine, shangazi," alisema.

Shangazi akashusha pumzi. Alikuwa amelijua jibu na alishukuru kulisikia kwa upole hivyo. "Basi nisamehe. Umenipa kitu kizima, nimekiua kwa mikono yangu, na kazi nimejipotezea mwenyewe. Sitaki uondoke hapa na kinyongo."

"Sina kinyongo."

"Sema umenisamehe."

Nje lilipita lori, vumbi likaingia dirishani, wote wawili wakaliangalia likitua juu ya meza.

"Nimekusamehe," alisema Baridi.

Shangazi akainuka, akaweka kiganja juu ya kichwa chake. "Mungu akuzidishie, baba. Duka lako lisimame, na watu waliamini neno lako kama ninavyoliamini mimi."

Baridi alibaki ameinama chini ya mkono ule, na kwa kuwa shangazi alikuwa anasubiri, akaitikia amina.