Vijiti Viwili

Chama cha muziki cha chuo kilikuwa na viongozi wawili, na Zuleka, mpiga ngoma, hakuona hata mmoja ambaye angemwachia mbuzi watatu awapeleke malishoni. Murungi aliongoza okestra, Kailemia aliongoza kwaya. Siku ya mahafali wimbo ukawa mmoja wa wote, na kwa kuwa hakuna aliyekubali kukaa chini, wakapanda jukwaani wote wawili, kila mtu na kijiti chake cha kuongozea wimbo.

Murungi alipunga kama anayefukuza nzi. Zuleka alikulia kwenye bucha ya babake mjini Maua. Aliwajua wafukuza nzi, na hata hao walikuwa na mapigo. Kailemia naye alirusha mikono kama mtu aliyeachwa na pikapu ya miraa. Waimbaji hawakuwatazama. Kama kawaida yao, walitazama bega la Zuleka: likishuka wanaingia, likitulia wanapumua.

Ubeti wa tatu ulipoisha, sauti zikatulia. Murungi akadhani wimbo umekwisha, akawageukia wageni, akainama. Kailemia, kwa kuogopa kutanguliwa, akainama chini zaidi.

Ubeti wa nne ulikuwa bado.

Zuleka akayatazama yale makalio mawili yaliyomwelekea, akashusha bega. Kwaya ikaingia. Wakubwa wale wakabaki wameinama, maana wa kwanza kuinuka ndiye angekiri kwamba hajui wimbo.

Ubeti huo huchukua dakika moja. Siku hiyo Zuleka aliupiga kwa dakika tatu.