Acha Nafasi, Fundi

Ijumaa asubuhi mhudumu wa kanisa aliniletea joho la kwaya ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na karatasi ya baraza la wazee: "Fundi, lipunguze limtoshe mwimbaji mpya. Lilete kikaoni kesho saa tisa." Nililijua hata kabla sijalikunjua. Lilikuwa la Kinanda, binti anayetuanzishia nyimbo kila Jumapili, na sauti yake ndiyo iliyompa jina. Ana mimba ya miezi minne na hana ndoa, na kanuni yetu inasema binti wa hivyo avuliwe joho. Aliyempa hiyo mimba anaimba besi. La kwake halikuletwa.

Damu ilinichemka. Mimi nimezaliwa kanisani na sina mpango wa kuhama. Ila Mungu kanipa na akili, na sidhani alinipa iwe pambo. Nasema wanawake wahubiri. Nasema waliokimbia vita wapewe vibanda sokoni kama sisi. Nasema mtu asinyongwe hata kama ameua, na kura yangu simpi mgombea eti kwa sababu anajua Zaburi kwa moyo. Ndiyo maana wananiita Mama Siasa, na mume wangu huzima redio kabla ya taarifa ya habari apate kula kwa amani.

Basi joho sikulipunguza. Nilifumua mishono ya ubavuni, nikatia vipande vya kitambaa kilekile, nikalipanua. Kisha nikapanda kwenye stuli nikashusha daftari langu kuukuu la vipimo.

Mwenyekiti wa baraza ni Mwalimu Mkuu mstaafu, na hiyo kanuni ndiye anayeisimamia kwa meno. Miaka thelathini iliyopita nilimshonea mkewe gauni la harusi. Nilimpima mara mbili: kiuno kwanza inchi ishirini na saba, halafu, wiki moja kabla ya harusi, thelathini. Na aliyekuja dukani kwangu jasho likimtiririka alikuwa bwana harusi mwenyewe. "Acha nafasi kidogo, fundi. Tafadhali." Nikaacha, na siri nikaitunza. Sasa nikasema, mkuki kwa nguruwe mtamu, leo na yeye atauonja.

Jumamosi saa tisa niliwakuta chumba cha mikutano: wazee sita kwenye meza ndefu, mchungaji wetu kijana akichezea kizibo cha soda, na Mama Mwalimu, mke wa mwenyekiti, akiandika kumbukumbu. Kinanda walimsimamisha mlangoni.

"Joho tayari?" akauliza Mwalimu Mkuu.

"Tayari. Nimelipanua."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna. Na kama ni kuvua, vueni mawili. La yule wa besi liko wapi?"

"Mama Siasa, hapa si bungeni!"

"Ingekuwa bungeni, nusu yenu mngekuwa mmelala."

Mchungaji aliangua kicheko, akakimeza haraka. Mwalimu Mkuu akapiga meza, akaanza kuhubiri habari za mabinti wa siku hizi wasiojua kujitunza. Nilibwaga daftari mezani, nikalifungua. Kidole kilikuwa kinatafuta ukurasa na mguu unakanyaga sakafu kana kwamba niko kwenye cherehani.

Nilipoinua macho nilikutana na ya Mama Mwalimu. Daftari alishalitambua. Kalamu yake ilikuwa imesimama, wala hakuniomba kitu. Nikamtazama Kinanda mlangoni, mikono tumboni. Mimi ninayepiga kelele binti wa watu asianikwe, nilikuwa nimebakiza pumzi moja nimwanike mama wa watu! Aibu ilinishika. Nikalifunga daftari.

"Sina zaidi," nikasema. "Kumfukuza huyu mtoto ni dhambi, na nitasema hivyo hata mkinifuta uanachama."

Mama Mwalimu akaweka kalamu chini.

"Fungua, fundi. Nisomee vipimo vyangu vya gauni la harusi."

"Si lazima, dada yangu."

"Vyote viwili."

Nikasoma. Ishirini na saba. Thelathini. Hakuna aliyehitaji kuhesabu kwa vidole, maana kifungua mimba wao tunamjua wote: tuliambiwa kazaliwa kabla ya wakati, na alikuwa na kilo nne.

"Mimi sikuvuliwa kitu," Mama Mwalimu akasema. "Nilipigiwa vigelegele humuhumu kanisani. Huyu kakosa nini ambacho mimi sikukosa?"

Mchungaji aliacha kizibo chake cha soda. "Kanuni hiyo," akasema, "mimi sitaisoma tena mimbarini." Nilitaka kumkumbatia hapohapo!

Tukabaki tunamtazama Mwalimu Mkuu. Hakumtazama mtu. Alilivuta joho, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono wangu taratibu. Mimi nilishakunja mikono, tayari kwa vita.

"Fundi," akasema, na sauti ilikuwa ileile ya miaka thelathini iliyopita, "mimba ya huyu mtoto haijafika hata nusu. Acha nafasi kidogo."

Nilitoka pale mbio, mtu mzima wa miaka sitini, joho begani na Kinanda nyuma yangu akicheka na kulia, maana ibada ilikuwa kesho na mkasi wangu ulikuwa nyumbani.