Ukurasa wa Thelathini na Moja

Saa tisa na robo alasiri, Jumamosi ya fainali ya shindano, mlinzi wa lango alimpandisha mgeni hadi chumba cha mazoezi cha Chama cha Washauri wa Biashara cha chuo kikuu. Katika daftari la wageni, mahali pa kazi, alikuwa amemwandika: muuza kenkey, marehemu.

Esinam, mmoja wa wanafunzi wanne waliokuwa wakijiandaa humo, alimtambua kabla hajaketi. Alikuwa Mama Korkoi, mwenye kibanda kando ya reli hapo hapo Accra, aliyezikwa wiki sita zilizopita. Miguu yake ilikuwa na udongo mwekundu hadi vifundoni. Kichwani alibeba sufuria, na kenkey zake, madonge ya unga wa mahindi yaliyofungwa kwa maganda, zilikuwa bado za moto.

"Karibu, mama," alisema Dzifa, katibu wa chama. "Tia sahihi hapa, kwenye mahudhurio."

Kila aliyeingia mkutanoni alitia sahihi. Katiba ya chama haikubagua.

Mama Korkoi alitia, kisha akafungua pindo la nguo yake akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa fomu ya idhini. Wanafunzi wa shahada ya uzamili ya biashara humpa kila wanayemhoji fomu kama hiyo, kisha huisahau. Mstari wa saba ulisema kwamba mhojiwa atasomewa matokeo yote siku atakayoyadai. Chini yake palikuwa na jina la Esinam, kwa mwandiko wake mwenyewe.

"Leo nayadai," alisema Mama Korkoi.

Nii Armah, mwenyekiti, alitazama saa. Walitakiwa jukwaani saa kumi kamili. Kampuni ya maduka makubwa iliyodhamini shindano ilikuwa imewaahidi kazi wanne watakaosimama pale kuwasilisha, na Esinam alikuwa wa nne. Kwao, katika mji wa Ho, mama yake alikuwa ameshatoa shukrani kanisani kwa ajili ya kazi hiyo.

"Mama, fomu hiyo ni ya walio hai," alisema Nii Armah.

"Imeandikwa wapi?"

Nii Armah akaisoma mbele na nyuma. Haikuandikwa.

"Basi Esi, msomee muhtasari. Dakika tano tu."

"Muhtasari?" Mama Korkoi alicheka. "Wewe bwana mkubwa, siku tatu ulikula kenkey zangu, na samaki juu, ukiniita shangazi. Ulikula muhtasari?"

Dzifa aliangua kicheko, akakigeuza kikohozi.

Katika siku hizo tatu za mahojiano walimwambia kwamba ripoti yao ingemletea paa na bomba la maji. Ripoti ilikwenda kwa kampuni, kampuni ikaipeleka kwa wakubwa wa jiji, na Jumanne moja matingatinga yakaja. Mama Korkoi alikaa kando ya mafiga yake yaliyovunjwa hadi Alhamisi, akafa. Chamani walibadilisha tu kichwa cha sura ya tano, kutoka "Mapendekezo" kikawa "Mafanikio".

"Ukibaki hapa, jina lako linafutwa," alisema Nii Armah. "Usije ukanilaumu."

"Futa," alisema Esinam.

Nii Armah akalifuta. Kabla ya kutoka na wenzake alinunua kenkey mbili.

Esinam akaanza kusoma, akitafsiri neno kwa neno kwa Kiga, lugha ya Mama Korkoi. Mama Korkoi alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Walipofika ukurasa wa thelathini na moja, Esinam akasoma: "Vizuizi vya kuondolewa: vibanda kumi na tisa."

"Mimi ni kipi hapo?"

"Cha kumi na moja, mama."

"Jina langu liko wapi?"

"Halipo."

"Soma tena."

Akasoma tena. Hasira ilimpanda, nayo haikuwa na mwingine wa kumwendea, kwa sababu sentensi ile aliiandika yeye, na mwalimu alimsifu kwa ufupi wake.

Nyuma ya ukuta, upande wa ukumbi, makofi yalilipuka. Mshereheshaji alitaja washindi watatu, akatangaza kwamba Jumatatu mpango wao utaanza kutekelezwa katika soko jingine. Makofi yakazidi.

"Wameshinda," alisema Mama Korkoi.

"Wameshinda, mama."

"Zimebaki kurasa ngapi?"

"Tisa."

Mama Korkoi akajiweka sawa kitini. Esinam akalowesha kidole, akafunua.