Panya Aliyenukia Uunsi

Sado alifanya kosa moja tu kazini, na kosa lenyewe lilinukia vizuri.

Kwenye kituo kidogo cha utafiti pale Garissa alitunza panya wanne wa jangwani, majike watupu, ndugu wa tumbo moja, wanaolala wamerundikana kama soksi kwenye beseni. Mmoja alipovimba jicho, Sado hakuwa na moyo wa kumwacha siku mbili za mapumziko bila wa kumtia dawa. Akamfunga kwenye mtandio wake, uliofukizwa uunsi, udi wa Kisomali, kama nguo zote za mwanamke anayejiheshimu, akaenda naye chumbani kwake.

Chumba hicho hakikuwa na pumzi nyingine tangu bintiye aolewe Wajir. Siku hizo mbili Sado aliongea mpaka koo likamkauka. Panya alimsikiliza, au alitafuna mtama tu, kwake yote sawa.

Alipomrudisha, dada zake walimnusa, wakamrukia. Almanusura wamtoboe shingo.

"Eddo, umefukiza mgonjwa kama bibi harusi," alisema Daktari Hamze, msimamizi wake, kijana aliyemwita shangazi kwa heshima. "Hawa wanajuana na harufu tu. Weka wavu katikati. Mchanga ya huku beleka kule, kila siku. Na uunsi wacha kabisa. Siku saba wakikataa, chukua hiyo moja, itakuwa yako."

Itakuwa yako. Neno hilo lilimganda Sado kifuani.

Hata hivyo alihamisha mchanga kila asubuhi. Jirani yake, Maka, akamuuliza kama ana msiba, mbona hanukii siku hizi. Siku ya tano Sado alikuja kazini na ule mtandio, akasimama nao mbele ya kizimba. Kumpangusa nao yule panya mara moja tu kungetosha dada zake wamkatae, na nani angejua? Akaona haya mbele ya viumbe wasiojaa kiganja. Akaurudisha mkobani.

Siku ya saba aliondoa wavu. Dada mmoja akasogea, akanusa ile shingo, akaanza kuilamba. Muda si muda wakarundikana wote wanne, na kwa kuwa jicho lilikwisha kupona, Sado hakuweza kujua yupi ni wake. Akamwita kwa jina alilompa kule chumbani, Iftin, polepole, mara mbili. Hakuna aliyeinua kichwa.

"Wamekubali?" Hamze aliuliza kutoka mlangoni.

"Wamekubali," alisema Sado, akageukia ukutani ili Hamze asimwone akilia.