Viti Vimeagizwa Nje

Nianze na kuku, maana bila kuku haya yote yasingetokea. Gari nililinunua likiwa limelala miaka saba nyuma ya karakana ya mtu. Gari la mbio, milango miwili, pua ndefu, na taa zinazozama ndani ya boneti ukizizima. Vioo vilikuwa vimeachwa wazi, kuku wa mwenye karakana wakaingia, wakaona ni pazuri, wakatagia. Siku ya kunikabidhi funguo yule bwana aliokota kwanza mayai manne juu ya kiti cha dereva, akasema hayo hayamo kwenye bei.

Mimi ni mwalimu wa kemia. Maisha yangu yote nimesahihisha kazi za watu wengine, na nilitaka kitu kimoja tu ambacho watu wangekitazama wakaniuliza, "Hii umeifanya wewe?" nami nijibu ndiyo. Natangulia kulisema hilo kwa sababu ndilo lililoniponza.

Kwa miezi kumi na minane ua wetu wa nyuma ulikuwa gereji. Injini niliishusha mwenyewe kwa mnyororo niliouning'iniza kwenye boriti ya kibanda. Nikabadilisha pistoni na ringi, nikasaga vali kwa mkono mpaka viganja vikatoka malengelenge, nikaifunga upya kwa kufuata kitabu cha ufundi kilichopoteza kurasa kumi na mbili. Bodi niliipiga msasa, nikaziba kutu, nikapanua matao ya magurudumu ili rimu pana ziingie, nikapulizia rangi ya chungwa mara tatu. Majirani wakaniita Mwalimu Grisi. Sikuchukia.

Viti ndivyo vilivyonishinda. Niliviosha kwa kila kitu ambacho mwalimu wa kemia anakijua, na bado vilinuka banda. Nilikuwa nimevitupa chini nikivitazama kwa hasira, ndipo mke wangu, Mama Pacha, akapita na ndoo yake, akasimama. Yeye ni fundi cherehani. Anashona sare za shule barazani kwetu, mwaka mzima: kaptula za kaki, sketi za rinda, mashati meupe.

"Hizi nazo ni nguo tu," akasema. "Kiti ni mtu mnene asiye na mikono. Lete."

Alifumua vifuniko vya zamani kwa wembe, akavitandaza kipande kwa kipande juu ya magazeti na kuviandika namba kwa chaki, vile vile anavyofanya mteja akimletea shati kuukuu na kusema anataka lingine kama hilo. Wiki ya kwanza alivunja sindano sita. Akaenda kwa fundi viatu, akakaa mchana mzima akimtazama anavyoshona, akarudi na sindano nene na kipande cha nta ya kupaka uzi. Sponji aliichonga kwa kisu cha mkate kutoka kwenye godoro la wageni. Tangu siku hiyo wageni wetu hawakawii kuaga.

Sehemu ya mgongo aliishonea almasi ndogo ndogo, kila moja sawa na mwenzake, uzi wa rangi ya chungwa juu ya ngozi nyeusi. Ule mto wa kuegemeza kichwa, wenye mikunjo pembeni, aliufumua mara nne. Mara ya tano akaniita. Nikapitisha kiganja, nisione pa kukwama.

"Mama Pacha, hii kazi ya kiwandani," nikamwambia.

"Kiwandani wangeichoka," akasema.

Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, wenye magari ya mbio wa mji wetu hukutana kwenye uwanja wa bohari moja lililofungwa. Nilikuwa nimehudhuria mwaka mzima kwa miguu, kutazama tu ya wenzangu. Safari hii nilikwenda na langu, na mke wangu kando. Alikuwa amevaa gauni la kijani alilojishonea mwenyewe, ameegemea kiti chake kwa raha zote.

"Nimechoka na kaptula," aliniambia tukiwa njiani. "Miaka kumi na moja, kaptula. Leo nikipata mmoja tu wa kunipa viti vyake, mmoja, ntakuwa na pa kuanzia. Mimi sitajisemea, nitaonekana najipigia debe. Ila wakikuuliza, waambie."

"Ntawaambia," nikasema, na nilimaanisha.

Wale ni watu wa kuagiza vitu nje. Usukani umeagizwa, bomba la moshi limeagizwa, hata stika ya kioo imeagizwa. Mkubwa wao ni Daktari wa Meno, mtu mpole, gari lake jeupe na safi kuliko meza yangu ya kulia chakula. Mwenye kelele ni mfanyabiashara wa matairi ambaye kila mtu anamwita Turbo, kwa sababu akianza kusema hakuna wa kumfikia. Siku hiyo Turbo alikuwa amemshika mhasibu mmoja mwenye kigari chekundu, aliyefunika viti vyake kwa kitambaa cha kushonwa nyumbani.

"Kaka, hii gari au sebule?" Turbo akauliza. "Nani kakushonea, shangazi?"

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mhasibu akacheka pia, kile kicheko cha mtu ambaye hana la kufanya. Mimi nami nilicheka. Nilicheka kwa nguvu.

Kisha wakahamia kwangu. Nikafungua boneti, nikawasha, injini ikanguruma kama nilivyoiota, na vichwa vikainama. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, wahenga hawakukosea. Nilisifiwa mpaka nikajiona nimerefuka. Ndipo Daktari akafungua mlango, akaingiza kichwa. Akapitisha kidole juu ya mshono wa almasi, taratibu, kutoka juu hadi chini.

"Mwalimu," akasema, "nani aliyekufanyia hivi viti?"

Tulikuwa watu kama kumi na watano. Mama Pacha alisimama upande wa pili wa gari, mkono juu ya paa, ameshaanza kutabasamu.

"Vimeagizwa nje," nikasema.

Wanasema ulimi hauna mfupa. Wangu siku ile ulikuwa na akili timamu. Ulimwona Turbo, ukamwona yule mhasibu, ukapima, ukachagua. Sitaki kumsingizia shetani, alikuwa na kazi zake nyingine.

"Nje wapi?" Turbo akadakia.

Nikakwama. Sikuthubutu kutazama upande wa pili wa gari. Ndipo nikasikia sauti ya mke wangu, ya kawaida kabisa, kama anayemweleza mteja lini sare zitakuwa tayari.

"Vilikuja kwenye maboksi mawili," akasema. "Makubwa hayo! Tulihangaika kuyafungua."

Alinisitiri. Nilikuwa nimemkana mbele ya watu, naye papo hapo akanisitiri kwa uongo uliokaa vizuri kuliko wangu. Kisha akaingia garini na kufunga mlango polepole. Njia nzima ya kurudi nyumbani alikaa mbele mbele, mikono juu ya magoti, mgongo wake haukugusa kiti.

Laiti angenitukana. Ningejua pa kushika. Lakini alinipakulia chakula, akauliza habari za mitihani, akawakemea pacha kwa viatu vyenye tope. Nilimwomba radhi siku ile ile. "Yameisha, baba," akasema, akaendelea kukanyaga cherehani yake. Kaptula. Mimi nilikuwa ndani nikisahihisha madaftari, na kila mlio wa cherehani ulinipata. Niliona aibu ya kula naye, aibu ya kupita barazani. Gari nililifunika turubai nisilione.

Jumatano Daktari akaja nyumbani, viti vyake viwili vimelazwa nyuma ya pikapu. Mama Pacha alikuwa uani anaanua nguo.

"Mwalimu, nimekosa usingizi," Daktari akasema akicheka. "Nipe anwani ya hao watu wa nje. Nataka niwatumie vipimo."

Nikaona Mungu kaniletea njia hadi mlangoni. Nikavuta pumzi. "Daktari, nilidanganya. Viti kashona mke wangu. Huyu hapa."

Mama Pacha alikuwa na vibanio viwili vya nguo mdomoni. Alivitoa kimoja kimoja, akavitia ndooni.

"Mimi?" akasema. "Mimi nashona kaptula, Daktari. Viti viliagizwa. Si ulimsikia mwenyewe?"

Daktari akanitazama, akamtazama, akapangusa miwani. "Mwalimu, kama hutaki kutoa anwani sema tu," akaniambia kwa upole. "Usimtwike mama wa watu kazi asiyoijua." Akawasha pikapu, akaondoka na viti vyake.

Aibu ikizidi hugeuka hasira, angalau kwangu. "Mteja si ndiye huyo!" nikafoka. "Uliyekuwa unamtaka! Kaja mpaka hapa, nimemwambia ukweli, wewe unamfukuza?"

Alikunja shati moja, akalisawazisha kola, ndipo akanijibu.

"Umenikana mbele ya watu kumi na tano," akasema. "Leo unanikiri mbele ya mmoja, huku uani, kando ya ndoo. Kazi ya kupewa kwa kificho siitaki, kaptula zangu zinanitosha. Ulipousemea uongo ndipo pa kuusemea ukweli. Kama huwezi, basi. Viache viwe vimeagizwa."

Nikaingia ndani, nikakaa ukingoni mwa kitanda kama mtoto aliyerudishwa nyumbani kutoka shule.

Zilibaki wiki tatu na ushei hadi Jumapili ya mwisho wa mwezi. Katika wiki hizo niliugua maradhi yote ninayoyajua, na hakuna hata moja lililodumu hadi Jumapili. Nilifikiria kuliuza gari. Nilifikiria kuwaandikia barua. Jumapili ilipofika nikatoa turubai, nikawasha injini, na Mama Pacha akatoka na gauni la kila siku, akaingia bila kuambiwa.

Walikuwepo wote. Sikungoja salamu ziishe, maana nilijijua. Nikapiga makofi mara mbili kama darasani.

"Jamani, nina neno. Viti vya gari langu havikuagizwa popote. Kavishona mke wangu huyu, barazani kwetu, kwa cherehani ya kukanyaga. Mliponiuliza niliona aibu kusema ni yeye. Nilidanganya, na nilidanganya yeye mwenyewe akinisikia. Nimekosa."

Sauti yangu ilikuwa imetetemeka mwishoni, na nilijua wameisikia. Turbo ndiye aliyeanza, nani mwingine.

"Sasa, Mwalimu," akasema, "kama viti ulitudanganya, hiyo injini nayo kafunga nani? Ilikuja kwenye maboksi mangapi?"

Wakaangua kicheko. Mhasibu wa kigari chekundu alicheka kuliko wote, na hiyo ilikuwa haki yake. Nikafungua mdomo. Nilikuwa na miezi kumi na minane ya kusema, nilikuwa na makovu viganjani, na sikuwa na neno hata moja ambalo mtu mwenye akili angeliamini. Nani anachukua kauli ya mwongo aliyekiri dakika moja iliyopita? Nikamtafuta Daktari kwa macho, naye alikuwa anatazama viatu vyake. Mtu mmoja akauliza kama na rangi nayo ilipakwa na shangazi. Nikafunga mdomo. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama Pacha akazunguka gari. Alipita mbele yangu bila kunitazama, akasimama katikati yao, mdogo kuliko wote, kandambili miguuni.

"Injini kafunga yeye," akasema, kwa ile sauti anayowaitia pacha wakiwa mbali. "Pistoni, ringi, vali, kila kitu. Kaishusha peke yake, kaipandisha peke yake. Miezi kumi na minane nimemfulia nguo za grisi, kwa hiyo msiniambie mimi. Na rangi kapuliza yeye. Hiyo kazi ni ya mume wangu."

Daktari akainua kichwa, akamsogelea, akamwamkia kwa heshima, akamwomba samahani, kisha akamwuliza anaweza kumletea viti vyake lini. Alete Jumatatu, akajibiwa, na asije asubuhi, asubuhi ana sare za watu.

Wengine wakanijia mimi. Mmoja mmoja wakanipa mkono, wakanipongeza kwa injini, wakaniuliza vali nilisagaje. Nilikuwa nimeyangoja maswali hayo maisha yangu yote. Nikawajibu nikitazama chini, masikio yakiniwaka, kwa aibu kubwa kuliko ile ya siku ya uongo. Mimi niliulizwa, nikamkana. Yeye hakuna aliyemwuliza.