Maboksi ya Mwalimu Poni

Mwaka 1973, siku chache kabla ya jua kupatwa, Mariam Poni alianza kuokota pakiti za sigara. Alikuwa mwalimu wa darasa la tano katika shule moja ya Koboko, kaskazini mwa Uganda, na watu wa sokoni walimcheka kumwona akiinamia takataka za walevi. Alichokitaka ni ile karatasi ya ndani inayong'aa kama fedha. Aliibandika kwenye tundu alilolikata katika boksi la sabuni, akaitoboa kwa sindano, akawaonyesha watoto: ukiligeuzia jua mgongo, mwanga unapita kwenye kitobo na kuchora jua dogo juu ya karatasi nyeupe ndani ya boksi.

"Nani ataangalia jua lenyewe?"

"Hakuna, Mwalimu!"

"Hata likibaki jembamba kama ukucha?"

"Hakuna!"

Sauti iliyozidi zote ilikuwa ya Tahiru, msomaji bora wa darasa, mtoto aliyesoma hata maandishi ya magunia ya chumvi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Mchana watoto walijipanga uwanjani, kila mmoja na boksi lake. Jua dogo la karatasini lilikuwa limeshamegwa upande mmoja, watoto wakipiga vigelegele, Landrova ya jeshi ilipoingia. Akashuka Sajini Andama, baba yake Tahiru, na askari wawili. Mwalimu mkuu, Ondoga, alitoka mbio ofisini na kiti.

"Mwalimu, mbona watoto iko nageuka nyuma hivi?" Andama aliuliza. "Iko naogopa jua?"

"Afande, jua litaunguza macho yao. Kwenye boksi wanaliona vizuri."

"Boksi!" Alicheka, na askari wakacheka. "Mtoto yangu hapana angalia jua ndani ya boksi ya sabuni kama panya." Akavua miwani yake myeusi, akamvisha Tahiru. "Hii iko nguvu. Angalia!"

Tahiru alimgeukia mwalimu wake. Poni akasogea, akaweka kiganja mbele ya uso wa mtoto.

"Afande, nakuomba. Hii miwani inadanganya jicho. Kwenye giza lake jicho linafunguka zaidi, moto unaingia."

"Toa mkono."

Hakuutoa. Askari mmoja akamshika kifundo cha mkono, akaushusha polepole, bila hasira, kama mtu anayefunga mlango. Ondoga alikuwa akitazama viatu vyake.

Tahiru aliangalia. Baba yake alimshika bega, akimwuliza kila mara, "Unaona?" na yeye akijibu, "Naona, Baba." Aliangalia mpaka mchana ukawa kama magharibi na kuku wakaanza kurudi bandani. Watoto wengine waliacha maboksi, wakaomba zamu ya miwani. Poni aliwapigia kelele, akawasukuma mmoja mmoja hadi darasani, akasimama mlangoni. Wote aliwaokoa isipokuwa huyo mmoja.

Jumatatu Tahiru aliposhika kitabu alisema kina doa. Akafuta ukurasa kwa kiganja. Kila neno alilolitazama lilipotea, yakabaki ya pembeni tu. Hospitalini Arua daktari alisema nyuma ya macho pameungua, na hakuna dawa.

Ukaitwa mkutano wa wazazi. Andama alisema mwalimu alikuwa akiwachezesha watoto uchawi wa maboksi. Ondoga alipoulizwa alichoona, alisema alikuwa ofisini. Kisha wakamsimamisha Tahiru.

"Mwalimu aliniambia niangalie," alisema, uso ameuelekeza kando kidogo, kwa sababu ndivyo alivyowaona watu sasa.

Maboksi yakachomwa uwanjani. Poni akahamishiwa Pajulu, akaambiwa amshukuru Mungu kwamba yameishia hapo.

Asubuhi ya kuondoka, Kulusum, mama yake Tahiru, alimfuata kwenye kituo cha malori na kuku mkononi.

"Mwalimu, usimchukie mtoto. Baba yake alimfundisha maneno yale. Alimtaka ayarudie na kuyarudia mpaka akayashika."

"Na wewe, Mama Tahiru, ulikuwa wapi?"

"Mimi nakaa nyumba yake, Mwalimu. Nina watoto wengine wadogo."

Poni alikuwa na neno la kumwumiza, tayari kinywani. Akalimeza. Akauliza nani anamsomea Tahiru vitabu siku hizi.

"Ameacha shule. Anachunga mbuzi Kuluba, kwa babu yake."

Lori likapiga honi. Kulusum alimsogezea kuku, Poni akamrudisha. "Mpikie mtoto," alisema, akapanda juu ya magunia ya tumbaku.

Lori lilipopita mbele ya shule, Ondoga alikuwa amesimama kando ya barabara, peke yake, ameinua mkono kumuaga. Poni alimwona vizuri. Mikono yake ilibaki mapajani.