Sanda ya Seleman

…na nguo hii haitoshi, au inatosha ila nimeipima vibaya, hebu nianze tena, kutoka utosini hadi nyayoni na shubiri moja ya kufungia, mume wangu ulikuwa mrefu wewe, Seleman, kitanda chenyewe ulikipita, nikikusema unacheka, haya, cheka basi leo… na huyo nduguyo Sila anagonga tena, shemeji, tufungulie, taratibu tu, hana haraka, awe na haraka ya nini wakati amekuja na wanaume wazima na ngozi ya maksai mweusi, mbichi, wamemchinja alfajiri, harufu inapita chini ya mlango mpaka kwenye ubani wangu, astaghfirullah, ngozi! mtu aliyefunga Ramadhani zake zote, aliyeswali njiani na misafara jua la nyika ya Marenga Makali likimchoma, leo avingirishwe ngozini akazikwe zizini, eti mtoto wa kwanza hulala katikati ya ng'ombe wa baba yake, sawa, mila yenu, mimi sina ugomvi na mila ya mtu, ila mwalimu Halfani ameshanionyesha mahali pa kumzika, hapo nyuma ya msikiti, naweza kupaona kwa dirisha hili hili… shemeji, mama anamngoja, anasema Sila, mama! aliyeniona mara moja tu, mwaka ule nimeletwa kutoka Bagamoyo, akanitazama tumbo, akanitazama viatu, akasema neno kwa Kigogo watu wakacheka, na wewe hukunifasiria, umekufa nalo, wallahi ningekuwa nimezaa hata mmoja leo angesimama pale mlangoni badala yangu… na kaburi achimbe nani, vijana wote wa Mpwapwa akida amewakusanya, wako Gulwe wanamjengea Mdachi tuta la reli, Halfani ana pumu, akipiga jembe mara mbili anakaa chini, hata kukuosha nimekuosha peke yangu, nikakugeuza peke yangu, mzito ulivyo, Yarabi, nikakwambia nisaidie kidogo basi, nikasikia sauti yangu mwenyewe nikachota maji mengine… kule zizini wameshachimba, anasema Sila, tangu asubuhi, najua, na nikiwapa ndiyo basi, mimi nakaa eda, mlango huu siuvuki kwenda mbali, na eda ikiisha ng'ombe watakuwa wamepakanyaga wee mpaka pamekuwa sawa na kwingine kote, nitasimama kwenye zizi la watu kama mwizi, sijui nimlilie wapi, hapana, siwapi, hana mtu mwingine aliyelala naye kwenye homa, nani alikuwa naye jana, si mimi? nani alimshika kichwa akinywa uji… akaniuliza, ng'ombe wamerudi? ng'ombe gani, Seleman, sisi tuna kuku tu, nikamwambia wamerudi, wote? wote, lala, zizi limefungwa? limefungwa, akashusha pumzi, akatabasamu, nami nikamfuta jasho nikijisemea homa hiyo, homa… lakini alitabasamu. Hakuniuliza mimi niko wapi. Hakuuliza msikiti, hakuuliza nyumba hii tuliyoikandika wote wawili udongo, alikuwa kwao, mikononi mwangu alikuwa kwao, ameyaona mapembe yakiingia mlangoni jioni, na mimi sikuwemo… loo, inauma hii, inauma kuliko kifo chenyewe, sasa napigania nini, dini? dini ndiyo, sanda yangu hii haitoki mwilini mwake, juu yake waweke ngozi yao wakitaka, na Halfani apande punda aende akamswalie hukohuko, hilo nitalisema mbele yao wote, lakini lile dirisha, Stara, jiambie kweli, lile dirisha si dini, ni wewe unaogopa kubaki… shemeji, anaita, umelala? silali, Sila, nafunga kitambaa cha miguuni, nikimaliza nitafungua, mtamchukua, na wewe nitakuomba jambo moja tu, ukae macho watakapomlaza, ushike ni upande gani, karibu na mlango au kule ndani, ushike vizuri, kwa sababu nitakuja kukuuliza na sina mwingine wa kumwuliza… naja, nasema, naja, na bado nimekaa.